Naomba ushauri: misuli ya sakafu ya nyonga, kutoka kulala hadi kusimama

Habari wadau. Mteja wangu wa mazoezi akilala chali, magoti yamekunjwa, anafanya vizuri: anavuta pumzi mbavu zitanuke pembeni, misuli ya sakafu ya nyonga (ile ya chini ya nyonga inayoshikilia kibofu na utumbo) ilegee, anatoa pumzi taratibu huku akiipandisha, kama anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja. Anashikilia sekunde 5, analegeza 10, mara 10.

Akisimama tu, anabana makalio, anaingiza tumbo kwa nguvu na kuzuia pumzi, hivyo shinikizo linasukuma chini. Kumwambia "nyoosha mgongo" kunaharibu zaidi: kifua kinatokeza, mbavu zinapanda.

Mnapitia kukaa kwanza, au kupiga magoti mikono ikiwa chini? Na kulegeza misuli hiyo mnafundishaje? Wengi wanajua kukaza tu.