Naomba ushauri: wanunuzi wageni kwenye mnada wa mtandaoni

Habari zenu wakuu. Nipo Birmingham, nauza kamera za zamani za filamu kwa mnada kwenye eBay. Wanaonitoa jasho ni wateja wapya, wale ambao hawajawahi kununua mnadani.

Mwezi uliopita kamera yangu ya Pentax K1000 ilifika pauni 74. Mshindi akakaa kimya siku tatu, kisha akaandika: "Samahani, nilidhani kubonyeza pale ni kuulizia bei." Sikumkasirikia, alionekana kuaibika kweli. Ila aliyemfuatia kwa dau alikuwa ameshanunua kwingine.

Mwingine alilipa haraka, halafu akadai arudishiwe hela kwa sababu kamera "haina kioo cha kuonyesha picha". Na nilikuwa nimeandika wazi kuwa ni ya filamu! Nikampigia picha mkono wangu ukivuta juu kile kitufe cha kurudishia filamu mpaka mfuniko wa nyuma ukafunguka, nikamwonyesha filamu inapopita. Akaelewa, akabaki nayo.

Kwenye eBay, tangu 2008 muuzaji hawezi kumwachia mnunuzi maoni mabaya, na asiyelipa unamsubiri siku 4 ndipo ufute mauzo. Kuwakwepa wageni sitaki, wengi ni watu wema.

Je, mnawaandikia kabla mnada haujafungwa? Au mnaacha mnada na kuweka bei moja? Na maelezo mnayapangaje mpaka mtu ayasome? Nina lenzi tatu za kupandisha Ijumaa, nitashukuru sana.