Mama ana jiwe la milimita 31 kwenye figo, tukubali upasuaji wa tundu mgongoni?

Mleta uzi:
Habari wakuu. Mama yangu ana miaka 58. Mwaka mzima analalamika ubavu wa kushoto, na UTI anatibiwa inapona, baada ya wiki chache inarudi. Siti-skani imeonyesha jiwe la milimita 31. Daktari anashauri watoboe tundu dogo mgongoni, walipasue humo humo ndani na kulitoa. Mama kagoma. Anasema figo ikitobolewa itavuja maisha yote, bora anywe mizizi. Aliyepitia hili au aliyeuguza, naomba anisimulie.

Mpitanjia:
Pole sana mkuu. Langu lilikuwa na milimita 26. Nilipigwa nusu kaputi, sikusikia kitu. Nilipozinduka nikakuta mrija mgongoni unatoa mkojo mwekundu. Nilitishika, ila kesho yake ulishaanza kutakata, siku ya tatu mrija ukatolewa nikaruhusiwa. Kovu halizidi sentimita moja. Kilichonitesa ni stenti, yaani mrija mwembamba wa ndani waliouacha kati ya figo na kibofu: nikikojoa ubavu unavuta, na haja haiishi. Ilipotolewa tu, nafuu. Muulize daktari tarehe ya kuitoa na uiandike, maana ikisahaulika nayo huota mawe.

Kijana_wa_Shamba:
Kabla ya kisu jaribuni maji mengi na ndimu. Jirani yetu jiwe lilitoka lenyewe.

Muuguzi wa Zamu:
La jirani bila shaka lilikuwa dogo. Njia ya kutoka kwenye figo hadi kibofu ina upana wa milimita chache tu, 31 haipiti. Maji ni muhimu sana, lakini kazi yake hasa ni kuzuia jiwe jipya. Yapo mawe ya asidi ya yuriki yanayoyeyuka kwa dawa za hospitali. Ya maambukizi, ambayo kwa historia ya mama nayashuku, hayayeyuki hivyo. Hata kupasua kwa mawimbi kutoka nje hufaa zaidi mawe yasiyofika milimita 20.

Mleta uzi, mkojo wa mama umeoteshwa maabara kuona kama una bakteria? Hapo ndipo ninapopaogopa kuliko tundu lenyewe. Jiwe la namna hiyo huficha bakteria, na likipasuliwa wanaweza kumwagikia kwenye damu. Lazima atibiwe kwanza. Kama anatumia asprini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, daktari ajue mapema, kwa sababu kuvuja damu ndiyo hatari nyingine, na wachache huhitaji kuongezewa. Akirudi nyumbani akapata homa na kutetemeka, msisubiri asubuhi.

Kuhusu figo kuvuja: mrija ukitolewa, tundu kwa kawaida hujifunga lenyewe ndani ya siku moja au mbili. Ila mjiandae, vipande vinaweza kubaki akahitaji kurudiwa.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. La tundu kujifunga alinirudisha nilisome mara mbili. Sasa anauliza kimoja: mgongo wake mbovu, ataweza kulazwa kifudifudi?

Muuguzi wa Zamu:
Amwambie daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Wapo wanaofanya mgonjwa akiwa chali.