Naomba ushauri: watumiaji wa ODF Dodoma wote wananitegemea mimi, nifanyeje wasaidiane?

MamaZabibu
Habari zenu wakuu. Nina darasa dogo la kompyuta hapa Makole. Nawafundisha makatibu wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na AMCOS (ushirika wa mazao) kutoka Bahi, Chamwino mpaka Kibaigwa kuandika mihtasari na hesabu kwa LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa, na kuhifadhi kwa ODF, yaani faili za .odt na .ods. Kumbukumbu za kikundi ni mali ya kikundi. Katibu akibadilika au leseni ikiisha, faili lazima lifunguke. ODF ni kiwango huria, ISO walikipitisha mwaka 2006, na yeyote anaweza kutengeneza programu ya kukisoma.

Tatizo ni msaada. Wako kama 60 kwenye grupu la WhatsApp, lakini kila swali linakuja kwangu, tena inboksi. Wiki iliyopita katibu mmoja katoka Bahi na muhtasari kwenye flashi, akaingia steshenari kuchapa. Jedwali la hisa likaruka ukurasa wa pili, sahihi ya mwenyekiti ikabaki peke yake juu ya karatasi tupu. Alikoipeleka wakaikataa. Alinipigia mara 5 jioni ile, simu yangu ilikuwa kwenye chaji chumba kingine. Basi likamwacha, akalala mjini kwa hela ya kikundi. Imeniuma sana, maana kwenye grupu walikuwemo watatu wanaoijua dawa yake. Hakuwauliza.

Nianzie wapi?

Fundi_Majengo
Pole mama. Mimi nachapa kazi za watu karibu na soko la Majengo, hiyo kesi naiona kila wiki. Ni fonti, yaani mtindo wa herufi. Mtu kaandika kwa fonti ambayo kompyuta yangu haina, inawekwa nyingine yenye herufi pana zaidi, mistari inaongezeka, jedwali linasukumwa chini. Waambie watumie Liberation Serif, upana wake ni sawa na Times New Roman, au Carlito inayolingana na Calibri. Na waje na nakala mbili: .odt ya kurekebisha, PDF ya kuchapa.

Lingine: sisi wa steshenari mmetusahau. Katibu akikwama mjini, wa kwanza kumwona ni mimi. Tuingizeni kwenye grupu.

Kiongozi77
Mnajitesa bure. Ofisi zote zina Word, wafundishe Word yaishe.

MamaZabibu
Kiongozi, Word yenyewe inafungua .odt tangu 2009, kwa hiyo ofisi haikosi kitu. Kikundi cha wakulima wa alizeti ndicho kitakachokosa, kikilazimika kununua leseni au kutumia ya wizi. Hilo sitawafundisha.

Mwl_Kongwa
Dada, nikuambie kama mwalimu mwenzio. Umewazoesha. Kila aliyekuja inboksi ulimjibu, sasa wengine watajuaje kuwa swali lilikuwepo? Kuanzia leo, anayekuja inboksi mwambie aliweke kwenye grupu. Halafu nyamaza, hata kama jibu unalo. Kama si la dharura, subiri mpaka kesho yake. Utaona nani anajitokeza, na hao ndio wa kuwakabidhi: mmoja Bahi, mmoja Chamwino, mmoja Kibaigwa. Namba zao zibandikwe juu ya grupu.

Na mkiandika maelekezo, msianze kutunga istilahi za kompyuta upya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wenzetu walishatoka jasho na maneno. Chagueni neno moja kwa kitu kimoja, mlishike.

Binti_UDOM
Shikamooni. Naongezea kuhusu majibu kupotea. Faili la baba mdogo la SACCOS liligoma kufunguka, na programu ikashindwa kulirekebisha. Nilichukua nakala yake, nikabadilisha mkia wa jina kutoka .odt kuwa .zip, nikafungua. Ndani mna faili linaitwa content.xml. Nikalifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi, na katikati ya alama nyingi nikayaona majina ya wanachama, hisa zao, kila kitu. Nilinakili aya moja moja mpaka usiku. ODF inawezesha hivyo kwa sababu haifichi kitu. Lakini nilimweleza kwa sauti tu, na mwezi uliofuata akaniuliza upya.

Basi kila jibu lililofanya kazi liandikwe kwenye faili moja la .odt la grupu zima, pamoja na jina la aliyelijibu. Jumamosi naweza kuja Makole na wenzangu wawili tuanze kuliandika.

MamaZabibu
Asanteni sana. Mwalimu, leo nimenyamaza kama ulivyosema. Mtu wa Chamwino kauliza namba za kurasa, nikakaa na simu mkononi dakika 40, ilikuwa kazi ngumu. Aliyemjibu ni yule yule katibu wa Bahi. Nimemwomba awe mtu wetu wa Bahi, kakubali.

Binti, Jumamosi nakusubiri. Fundi, nakuunganisha sasa hivi. Kesho nakuja na flashi yenye zile fonti, unafungua saa ngapi?

Fundi_Majengo
Saa 2 asubuhi. Njoo na ule muhtasari wa Bahi, tuuchape upya.