Tupeane uzoefu: joto limewahi kukuangusha wewe au mtu wako?

Wakuu habari za jasho, Dar hii ya Januari mpaka Machi feni yenyewe inapuliza moto. Naomba tupeane uzoefu, mlijuaje ni joto na sio malaria au njaa? Naanza mimi, saiti kwetu fundi wa tofali kichwa kikawa kinamgonga, kichefuchefu, miguu inakaza, mara akakaa chini mwenyewe. Tukamtoa juani, buti na shati tukavua, tukampa maji lita moja yenye sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, anakunywa taratibu. Akapata nafuu, akataka kurudi kazini tukamkatalia.

MSWAHILI WA MUSCAT
Huyo wako mkuu alikuwa anajielewa ndo maana maji yalitosha. Huku Juni mpaka Agosti kazi za juani marufuku saa sita na nusu hadi tisa na nusu mchana, ila mwenzetu alianguka saa nne asubuhi. Alianza kuongea hovyo, anayumba, tukajua anatania, na jasho linamtoka vizuri tu, kumbe watu wanadanganyana eti mpaka ngozi ikauke ndo hatari. Akishachanganyikiwa usimnyweshe kitu atapaliwa, piga simu ambulensi na hapo hapo mmwagie maji mwili mzima, mpepee, barafu shingoni na kwapani. Msisubiri gari lifike ndo mumpooze jamani, kila dakika inahesabika.

MAMA WAWILI
Mie Mombasa, bibi yake mtoto alimvalisha mjukuu sweta, kofia, soksi na blanketi juu, eti upepo wa bahari!! Nimetoka kuoga namkuta mwekundu, kalegea, ziwa hataki. Nikavua vyote, nikampangusa kwa kitambaa cha maji ya kawaida, tukakimbia hospitali maana kichanga akichemka lazima apimwe.

DADA WA ZAHANATI
Nyongeza, panadol haishushi joto la jua, hiyo ni ya homa. Na kama mtu kafika nyuzi 40 na hajielewi, hata kama na malaria anayo, apozwe kwanza hapo hapo na hata akiwa njiani.

MGENI JAMVINI
Na mzee wangu wa dawa za presha za kukojoza, anashinda shambani?

DADA WA ZAHANATI
Huyo maji yanamuisha haraka kuliko wewe, alime alfajiri. Dawa asiache kienyeji, akamuulize daktari wake.