Tupeane uzoefu: kaunta iliyokuuma kuliko zote kwenye Magic

Wakuu, sisemi kaunta ya baa. Nasema Magic: The Gathering, mchezo wa kadi tunaocheza wachache jioni hapa Dodoma; kaunta ni kadi ya kufuta kadi ya mwenzio kabla haijafanya kazi. Juzi nimekusanya ardhi, kadi zinazotoa mana ya kulipia kadi nyingine, hadi saba, nikazilaza (yaani nikazitumia) zote kumtupa kiumbe wangu mkubwa. Jirani katoa kaunta iitwayo Counterspell, mana mbili tu za bluu. Kiumbe makaburini, mana zangu saba hazirudi. Nani mwingine yamemkuta?

Zabibu Chungu: Yangu ni uzembe mtupu. Jamaa katupa kadi, kauliza "imepita?" Nami nasoma meseji ya shemeji, nikajibu "pita tu". Imeshatua mezani ndiyo naona kaunta mkononi mwangu. Ndugu zangu, kaunta inadaka kadi ikiwa bado kwenye rundo, yaani imetupwa ila inasubiri kufanya kazi. Ikishatua, tafuta ya kuua.

Kijana wa Makulu: Utamu uko hapo hapo kwenye rundo, maana ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Nilirusha joka, mshikaji akalikaunta kwa raha zake, ardhi zangu zote zimelala, anajua sina kitu. Nikashusha kaunta yangu, Force of Will: unalipa uhai mmoja, unaondoa kabisa kadi nyingine ya bluu mkononi, mana hutoi hata moja. Yangu ikafanya kazi kwanza, kaunta yake ikafa, joka likatua. Hakunisalimia siku mbili.

Zabibu Chungu: Force of Will umeitoa wapi wewe, na bei ile?

Kijana wa Makulu: Nimeprinti steshenari, mkuu. Tunacheza nyumbani.

Mgeni Mezani: Mimi nilijaribu kukaunta ardhi. Wakacheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango. Kumbe ardhi haipiti kwenye rundo kabisa.

Mama Wawili: Mmesahau kaunta zile nyingine, alama za +1/+1 zinazokaa juu ya kiumbe, kila moja inaongeza moja kwenye nguvu na moja kwenye uimara wake. Sisi tunawekea karanga. Mwanangu alikuwa na kiumbe wa 2/2 mwenye karanga nne, yaani 6/6, anasubiri zamu apige. Nimetoka kugeuza mkaa, narudi karanga moja, binamu yake anatafuna. Walibishana hadi isha kama kiumbe ni 3/3 au bado 6/6! Siku hizi tunatumia mbegu za ubuyu.

Zabibu Chungu: Kavu au zile za rangi? Za rangi nazo zitamung'unywa.