UZI: Eti kisiwa "kakibeba kichwani?"

Wakuu, nina hasira hadi simu inanitetemeka mkononi. Yule mwalimu wetu wa Kilatini (mnamjua, sina haja ya kumtaja) leo kanivua nguo mbele ya darasa zima.

Tunasoma ile karamu ya Horatius, mshairi wa Roma ya kale, mtumwa Alcon anapita na "Chium maris expers". Zamu yangu. Najua Chios ni kisiwa cha Wagiriki, najua kiishio -um ni cha mtendwa, nikatafsiri kifua mbele: Alcon analeta kisiwa cha Chios kisicho na bahari.

Kimya. Halafu: "Kakibeba kichwani?"

KAKIBEBA KICHWANI! Darasa likaangua kicheko, hadi yule dada ambaye hajacheka tangu kidato cha kwanza. Eti hapo ni mvinyo, neno vinum limemezwa, imebaki sifa tu. Lililomezwa nilione wapi, tumboni mwake? Natoka getini, mlinzi naye anauliza mzigo nimeuacha wapi. Kichwani, wakuu!

Nyundo Baridi: Mkuu, baa ukisema "nipe wa Dodoma" unaletewa mvinyo au mkoa? Hiyo "wa" ndiyo -um yako.

Mtoto wa Sakristia: Tena Chios kisiwa ni jinsi ya kike. Angekuwa anasema kisiwa, angeandika expertem. Expers ("isiyo na") hapo inafuata jinsi ya tatu, si kiume si kike, yaani vinum. Mwalimu kakuhurumia.

Mwenye uzi: Sarufi sijakataa. Ila KICHWANI?

Pangu Pakavu: Mvinyo na bahari wapi na wapi?

Mtoto wa Sakristia: Wagiriki walikuwa wanautia maji ya bahari. Cato, yule Mrumi wa kale, kaandika hadi namna ya kuiga ule wa kisiwa cha Kos: maji unayachota kilindini, bahari imetulia, siku 70 kabla ya mavuno. Huyo Chium wenu ndio haukutiwa.

Pangu Pakavu: Usinikumbushe chumvi. Mama ntilie wa hapa kazini jana kaniwekea chumvi kwenye chai. Kumuuliza, "kunywa baba, inaua minyoo." Na chenji yangu hadi leo sijaiona.

Nyundo Baridi: Afadhali wewe umepata chai. Fundi wangu ana suruali yangu tangu Pasaka, Jumapili nikamkuta kaivaa kanisani.

Pangu Pakavu: 😂😂 Ilimkaa?

Nyundo Baridi: Kuliko mimi.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kisiwa…

Pangu Pakavu: Mkuu, hayo fungua uzi wako.