Massey Ferguson 135 inazima ikivuta plau: injekta pampu au mafuta hayafiki?

Mchimbaji wa Cheju:
Assalamu alaykum ndugu zangu. N'na trekta Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya silinda tatu, nafanyia kazi ya kuchimba na kuburuga hapa bonde la Cheju, Unguja. Asubuhi linawaka mara moja. Nikishusha plau, kama robo saa linakwenda vizuri, kisha sauti inashuka, nguvu zinakwisha, linazima pole pole kama kwamba mtu kafunga koki. Nikiliacha likapumzika linawaka, linakwenda kidogo, linazima tena. Barabarani nikivuta tela tupu nafika mbali bila ya tabu.

Nshabadilisha filta, nshatoa upepo kwenye njia ya mafuta. Fundi mmoja kalitizama kasema injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenye nozo, imekufa, ifunguliwe ipelekwe Dar es Salaam. Hiyo kwangu ni pesa ya msimu mzima. Masika haya karibu, watu washanipa nusu ya malipo na makonde yao hayajaguswa. Nataka uhakika kabla ya kuifungua. Nianzie wapi?

Fundi Dizeli, Chake Chake:
Waalaykum salaam ndugu yangu. Usiifungue pampu. Nasema kwa nguvu kwa sababu hapa Pemba naona pampu nzima zikifunguliwa kwa ubovu uliomo kwenye tangi, na pampu ikishafunguliwa na mkono usioijua, hairudi kuwa ile ile.

Tizama ulivyoeleza mwenyewe: linazima likivuta plau, halizimi likivuta tela tupu. Injini yenye mzigo inakula mafuta mengi, isiyo na mzigo inakula kidogo. Basi mafuta yanafika, ila hayafiki ya kutosha. Likizima likakaa, yanachuruzika kidogo kidogo mpaka filta inajaa, ndipo linawaka.

Injekta pampu ya CAV, kama hiyo ya trekta lako, iliyolika kichwa ina tabia nyengine. Inawaka vizuri ikiwa baridi, ikipata moto ukazima, unapiga stata mpaka betri inalia na haiwaki hadi ipoe. Sasa wewe kwako kupumzika na kupoa vinakuja pamoja, lazima tuvitenganishe. Nijibu mambo haya. Linapokaribia kuzima, moshi wa ekzosi ukoje? Mweusi, tizama filta ya hewa. Mweupe wa kukatika katika na injini inagonga, kuna maji kwenye dizeli. Hakuna moshi, mafuta hayaji. La pili, likizima usisubiri: pale pale piga ile leva ya mkono ya pampu ndogo ya pembeni ya injini, inayovuta mafuta kutoka kwenye tangi, kisha piga stata. Likiwaka papo hapo na pampu ikiwa bado ya moto, injekta pampu yako haina kesi. La tatu, chomoa kijiti cha oili, tizama kimo na uinuse.

Muuza Spea:
Hilo ni chujio la kwenye koki, ndani ya tangi. Wengi wanalikata wakalitupa, wanaweka filta ndogo ya plastiki ya pikipiki kwenye mpira, maisha yanaendelea. Na kifuniko cha tangi nacho ukitizame, kitundu chake cha kupumulia kikiziba tangi linashika upepo, mafuta hayatoki.

Fundi Dizeli, Chake Chake:
Ndugu yangu Muuza Spea, la kifuniko umesema kweli kabisa. La kukata chujio, kwa heshima yako, hapana. Filta ya pikipiki ni ya petroli na ya injini ndogo. Dizeli ni nzito, ile itakaba na utarudi kwenye ugonjwa ule ule. Na taka zilizokuwa zikizuiliwa ndani ya tangi zitashuka mpaka kwenye vali za pampu ndogo, ambazo zinahitaji kichembe tu zisifunge. Injekta pampu yenyewe inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili ya peke yake. Ndiyo maana nakasirika nikiona mtu anachanganya dizeli na mafuta ya taa ili apunguze gharama, au anajaza kutoka dumu lililokaa na maji ya mvua.

Mchimbaji wa Cheju:
Ahsante sana fundi. Leo nimelipeleka kondeni kwa ajili ya kulipima. Moshi hakuna kabisa, linazima kimya. Nimepiga leva pale pale, likawaka papo hapo likachimba tena kidogo. Nimefungua kifuniko cha tangi nikachimba kikiwa wazi, likazima vile vile. Oili sijaitizama, nimesahau kwa furaha ya kuona pampu imepona. Sasa nifanye nini?

Fundi Dizeli, Chake Chake:
Alhamdulillah. Dar huendi. Kifuniko nacho hakina kosa.

Sasa fuata mafuta yanavyoteremka. Tangi lako limekaa juu ya injini chini ya boneti, kwa hivyo dizeli inapaswa kushuka yenyewe bila kuvutwa. Fungua bomba pale linapoingia kwenye pampu ndogo, liweke kwenye ndoo safi, fungua koki yote. Usitizame mwanzo wake tu ukaridhika! Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: mwanzo yanatoka kwa nguvu, mtu anafunga anasema tangi zima. Acha yatiririke. Kama kuna uchafu, unasafiri na mafuta unakwenda kulivaa chujio, na mchirizi utaanza mnene, utapungua, mwisho utakuwa wa matone. Ukifunga koki ukasubiri, uchafu unadondoka chini, ukifungua yanatoka tena kwa nguvu. Hiyo ndiyo robo saa yako ya plau.

Mchirizi usipopungua, funga dumu la dizeli safi mahala pa juu kuliko injini, shusha mpira moja kwa moja kwenye pampu ndogo, uchimbe. Likizima hata hivyo, ubovu uko mbele: pampu ndogo au filta. Kwenye filta hakikisha mipira mipya yote imewekwa na ya zamani imetolewa, pamoja na ile oringi ndogo ya katikati, inayobakia kwenye boksi mara nyingi. Ukiwa na shaka ya hewa, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani baina ya filta na injekta pampu, utayaona mapovu kwa macho yako.

Mchimbaji wa Cheju:
Fundi, Mungu akuweke. Mchirizi ulianza mnene kama kidole, nikasubiri kama ulivyosema, ukapungua mpaka ukawa uzi. Nimefunga, nimesubiri, nimefungua, kidole tena. Tumelishusha tangi. Chujio la koki limevaa utando mweusi unaoteleza, na chini ya tangi kuna maji na kutu. Nilioshe na maji ya sabuni?

Fundi Dizeli, Chake Chake:
Usitie maji. Utando huo ni vijidudu vinavyoota pale dizeli inapokutana na maji, na kwa joto na unyevu wa visiwa vyetu havina shida ya kuota. Tangi likilala nusu tupu, hewa yenye unyevu inaganda usiku kwenye bati la ndani, matone yanashuka chini. Tia dizeli kidogo na kipande cha mnyororo wa chuma, zibeni matundu, mlitikise watu wawili, mwage, mrudie mpaka itoke safi. Lianike likauke. Chujio lisugue kwa brashi laini, likiwa limetoboka tafuta jengine. Kuanzia sasa jaza tangi jioni, si asubuhi, na dizeli ya dumu ichuje kwa kitambaa kizito kisichotoa nyuzi.

Ukishafunga, badilisha filta tena, ile mpya yako ishakula uchafu. Kisha toa upepo kwa mpango: kwanza skrubu ya juu ya filta huku unapiga leva, mpaka mapovu yaishe, halafu skrubu mbili za kwenye injekta pampu, ile ya ubavuni na ile ya juu, mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozo, leva ya mafuta ya dereva ikiwa imefunguliwa yote, mtu apige stata mpaka dizeli itoke, ndipo ukaze. Leva ikiwa laini haisukumi kitu, zungusha injini kidogo, kamshafti, ile shafti ya ndani ya injini inayoisukuma pampu ndogo, imesimama imeibana. Na mkono usiuweke mbele ya nozo inayorusha, dizeli ile inatoboa ngozi.

Hujanijibu la oili.

Mchimbaji wa Cheju:
Nimeitizama sasa hivi. Imepita alama ya juu kwa upana wa kidole na inanuka dizeli. Sikuongeza oili mimi.

Fundi Dizeli, Chake Chake:
Basi usiwashe hata kwa kujaribu. Dizeli imeingia kwenye oili, imekuwa nyepesi, haishiki tena kwenye beringi. Sababu ya karibu ni diafram ya pampu ndogo, ule utando wa ndani unaosukuma mafuta, huenda imechanika kidogo, na hiyo nayo ilikuwa inakupunguzia mafuta. Ya pili ni sili ya shafti ya injekta pampu, inayozuia dizeli isivujie kwenye injini. Anza na ya kwanza: ifungue pampu ndogo, iache imeungwa na bomba la tangi, koki wazi, piga leva kwa mkono utizame upande unaoingia kwenye injini.

Mchimbaji wa Cheju:
Inadondoka upande huo huo, fundi. Mjini nimeulizia, zipo diafram peke yake na zipo pampu nzima mpya. Ninunue ipi?

Fundi Dizeli, Chake Chake:
Ukiona vali zake hazijalika na mwili wake haujapinda, diafram peke yake inatosha, ile pampu ya asili ni madhubuti kuliko nyingi za kuiga. Nunua na gasketi yake ya kukalia kwenye injini. Unapoirudisha hakikisha mkono wake umeikalia kamshafti kabla ya kukaza nati, ukiulazimisha unavunjika. Mwaga oili yote, weka mpya pamoja na filta yake, ndipo uwashe. Ukishachimba siku moja chomoa kijiti tena. Oili ikiwa imepanda, nijulishe, tutaizungumza ile sili.